Skrubu, tepu, silikoni au lami? Vifaa vya kuziba paa la bati kabla ya masika

Masika ya pwani hushika kasi kuanzia katikati ya Machi, na kila mwaka watu hujaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi wiki ileile madoa yanapotokea kwenye dari. Wakati huo bati limelowa, maungio yana maji ndani, na hakuna gundi itakayoshika vizuri hata ungelipia ya bei gani. Wakati wa kununua na kupanda juu ni Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na paa limekauka mpaka chini ya kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa.

Hapa tunavipima vifaa sita vinavyopatikana Kariakoo na karibu kila mtaa wa Dar es Salaam: skrubu zenye raba, tepu ya kuzibia, silikoni, rangi ya kuzuia maji, lami na gata za plastiki. Saruji tunaigusa pia, kwa kuwa bado kuna watu wanaizibia bati. Tuanze na hukumu. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue skrubu. Paa la bati lililopigwa misumari na kukaa miaka kumi au zaidi huvuja kwenye msumari kabla ya kuvuja pengine popote, na vifaa vingine vyote hapa vinafunika tatizo ambalo skrubu inaliondoa.

Tafuta tundu kabla ya kwenda dukani

Doa la dari halikuonyeshi tundu lilipo. Maji yakiingia juu hufuata papi (mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa juu yake), hushuka na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kisha hudondoka mita moja au mbili chini ya mahali yalipoingilia. Kwa hiyo kutoka kwenye doa, tafuta kuelekea juu ya mteremko, usitafute kuelekea chini. Ingia darini mchana, zima taa, subiri macho yazoee giza. Tundu la msumari huonekana kama nyota. Pitisha kipande cha waya mwembamba kwenye tundu hilo ili atakayekuwa juu ya paa akione.

Usipoona mwanga, tumia mpira wa maji. Mmoja akae darini na tochi, mwingine amwagie paa kuanzia chini, dakika tano hadi kumi kila sehemu, akipanda polepole. Ukianza juu, maji yatateremka kote na hutajua yalikoingilia. Kabla ya kupanda, funga ngazi isiteleze na uweke mguu wake mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo. Kaa mbali na waya za umeme zinazoingia kwenye nyumba. Juu ya paa kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana hapo ndipo penye mbao chini. Ukikanyaga katikati ya papi mbili, bati jembamba litabonyea na maungio yatafunguka, na utakuwa umetengeneza mvujo mpya.

Tahadhari moja kwa wenye nyumba za zamani: kama paa ni la asbesto na si bati, usilisugue kwa brashi kavu wala kulitoboa kwa drili. Vumbi lake linaumiza mapafu. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa maalumu.

Skrubu zenye raba

Kwanza tujue kwa nini msumari unashindwa. Bati la mita 3 lenye joto la nyuzi 25 alfajiri na nyuzi 65 saa nane mchana hurefuka karibu milimita moja na nusu, kisha hurudi usiku. Hilo hutokea kila siku, mwaka mzima. Msumari laini hauna meno ya kuushikilia ubao, hivyo kila siku bati linauvuta juu kidogo kidogo mpaka kichwa kinanyanyuka na maji yanapata njia. Wengi huugonga tena kwa nyundo. Utakaa miezi michache, kisha utatoka tena kupitia tundu lilelile ambalo sasa limepanuka. Skrubu ina meno, na chini ya kichwa chake kuna wosha ya chuma iliyobeba raba inayolalia bati.

Dukani angalia mambo manne. La kwanza ni ncha. Skrubu ya papi ya mbao iwe na ncha kali kama sindano. Zile zenye ncha iliyochongwa kama biti ya drili ni za papi ya chuma; ukiziingiza kwenye mbao zinachimba tundu pana na kushika vibaya. Muuzaji asiyeuliza papi yako ni ya nini atakupa zozote zilizo karibu, kwa hiyo mwambie wewe mwenyewe.

La pili ni urefu. Kwa bati la kawaida la mawimbi, skrubu hupita kwenye mgongo, si kwenye bonde ambamo maji hutiririka. Kimo cha mgongo kinakula karibu sentimita mbili kabla skrubu haijagusa mbao. Chukua milimita 65, ili zaidi ya sentimita tatu ziingie kwenye ubao. Zile za milimita 35 zinazouzwa rahisi hazifai kazi hii.

La tatu ni raba, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Raba nzuri ni nyeusi, laini, ukiibana kwa ukucha inabonyea na kurudi. Mbaya ni ngumu na inang'aa kama plastiki. Jua la miaka miwili linaipasua na skrubu inageuka msumari wa bei kubwa. Omba moja uichomoe raba yake uikunje mara mbili. Ikionyesha ufa mweupe kwenye mkunjo, rudisha boksi.

La nne ni mpako wa kuzuia kutu. Skrubu zinazong'aa sana zina zinki nyembamba. Zilizochovywa kwenye zinki ya moto huwa na rangi ya kijivu iliyofifia na hazivutii macho, lakini ndizo zinazodumu. Kwa nyumba za Kigamboni, Mbezi Beach na kwingine kunakofikiwa na upepo wa chumvi, usichukue zile za kung'aa hata ukipewa punguzo.

Sasa ufungaji. Anza asubuhi umande ukishakauka, kama saa tatu, na shuka kabla ya saa sita, bati halijawa la kuunguza mikono. Ng'oa msumari kwa nyundo yenye kucha, ukiweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usilibonyeze bati. Angalia msumari ulivyotoka. Ukitoka kwa shida, ubao ni mzima. Ukitoka kwa vidole viwili, papi hapo imeoza au imeliwa na mchwa, na skrubu haitasaidia mpaka ubao mpya upachikwe pembeni mwa ule wa zamani. Pale ubao ulipo mzima, tumia skrubu nene kuliko msumari uliotoka: namba 14 badala ya namba 12, ili meno yashike mbao mpya nje ya tundu la zamani.

Drili iwekwe kwenye nguvu ndogo. Mashine za kugonga zinazotumiwa na mafundi wengi zina haraka na huikandamiza raba mpaka inatokeza pande zote kama uyoga. Raba ya hivyo hupasuka mapema. Kipimo sahihi ni hiki: acha kukaza mara ukiona raba inachungulia kidogo kwenye ukingo wa wosha. Wosha ikizunguka kwa kidole, bado. Ikiwa imepinda na kuwa kama kisahani, umezidisha. Ifungue uweke nyingine, usiilegeze tu. Ukimaliza, fagia vumbi la chuma siku hiyohiyo, maana chembe zile zikilala na umande zinaota kutu na kulitoboa bati ambalo halikuwa na tatizo.

Kufunga paa zima upya huhitaji skrubu 6 hadi 8 kwa mita ya mraba, yaani 480 hadi 640 kwa paa la mita za mraba 80. Si lazima zote msimu mmoja. Anza na kofia ya paa, kisha ukingo wa chini, kisha mahali mabati yanapopandana, kwani huko upepo huvuta zaidi. Hukumu: hiki ndicho kifaa cha kununua, na kwenye raba usibane senti.

Tepu ya kuzibia

Hii ni tepu nene yenye gundi upande mmoja na karatasi ya aluminiamu juu. Upana ni kati ya sentimita 5 na 20. Ni nzuri kwa tundu lililobaki baada ya kuhamisha msumari, ufa mdogo wa kofia, na maungio ya bati na bati. Inafaa kukaa nyumbani hata usipokuwa na mvujo leo.

Ziko aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja gundi yake ni ya lami: inanuka lami na inaacha weusi kwenye vidole. Juu ya bati la Dar es Salaam gundi hiyo hulainika mchana na kuteremka, na baada ya muda utaona ulimi mweusi umetoka chini ya tepu. Nyingine ni ya butili, mara nyingi ya kijivu, haina harufu kali, ukiivuta inanyumbuka kama ulimbo. Hiyo ya butili ndiyo inayostahili bei yake.

Inaposhindwa, mara nyingi kosa ni la uso na si la tepu. Sugua kutu kwa brashi ya waya, futa vumbi, kisha pangusa kwa kitambaa chenye spiriti na uache pakauke kabisa. Kata kipande kitakachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, na ukizungushe kona kwa mkasi, sababu kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Kwenye bati la mawimbi bandika kuanzia bondeni kwenda mgongoni pande zote mbili. Ukiivuta moja kwa moja kutoka mgongo hadi mgongo inabaki imening'inia juu ya bonde kama daraja, hewa inakaa chini yake, na jua la kwanza linaipandisha. Ikandamize kwa nguvu kwa mgongo wa kijiko mpaka alama za mawimbi zionekane juu ya aluminiamu.

Tepu haifai kuokoa bati lililokwisha. Choma kwa bisibisi pembeni mwa kutu. Ikipenya bila nguvu, badilisha bati lote. Unapolinunua kumbuka namba ndogo ya geji ndiyo nene: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32.

Silikoni

Ina kazi moja ya maana juu ya paa: kuzunguka bomba la hewa la choo na mahali kofia inapokutana na ukuta. Mrija wa mililita 300 hutoa mstari wa karibu mita 10 wenye unene wa milimita 6.

Inusie kabla ya kuitumia. Ikinuka siki, ni ya bafuni na vioo. Hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hula zinki ya bati, hivyo baada ya misimu kadhaa kutu hutokea chini ya silikoni yenyewe. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi na inafaa kwa chuma. Iache ikauke, hukomaa milimita 2 au 3 tu kwa siku, kwa hiyo mvua ya jioni ileile inaweza kuiharibu.

Kosa kubwa zaidi ni kuipaka juu ya kila kichwa cha msumari. Msumari unaendelea kutembea na silikoni inabanduka. Na sasa una shida ya pili: hakuna kinachoshika juu ya silikoni ya zamani, si rangi, si tepu, wala silikoni mpya. Lazima ikwanguliwe yote. Fundi anayekuja na bunduki ya silikoni mkononi bila drili anakuja kukufungulia kazi ya mwaka ujao.

Rangi ya kuzuia maji

Rangi hizi nzito za akriliki ni za paa la zege, na huko zinafanya kazi vizuri zikipakwa mara mbili, ya pili ikikatisha ya kwanza, na kitambaa cha nyuzi kikilazwa katikati kwenye nyufa. Sharti ni mteremko. Maji yakituama siku kadhaa, rangi inalainika na kuvimba. Kwa hiyo kama paa lako la zege lina bwawa dogo kila mvua, rekebisha mteremko kwanza.

Kwenye bati inapendezesha na kupunguza joto ikiwa nyeupe, lakini haizibi tundu la msumari. Mwendo ule wa milimita moja na nusu unaipasua.

Lami na saruji

Viacheni dukani. Lami ni rahisi na inaonekana imeziba siku ile ile, lakini jua linaikausha, inapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na maji yanaingia chini yake yasionekane. Inayapa maji ya paa ladha na harufu, jambo lisilovumilika kwa nyumba inayokinga maji ya kunywa. Pia inazuia tepu na rangi kushika baadaye.

Saruji ni mbaya zaidi. Ikiwa mbichi inashambulia zinki na aluminiamu, na ikikauka haijongei wakati bati linajongea. Ufa hutokea msimu wa kwanza.

Kitu kingine kinachotoboa mabati kimyakimya ni bomba la maji ya kiyoyozi linalodondokea juu ya paa. Maji hayo yamepita kwenye mabomba ya shaba, na shaba na zinki hazipatani. Ukiona mstari wa kutu unaoanzia chini ya bomba hilo, usitafute mchawi. Refusha bomba mpaka kwenye gata au ardhini.

Gata za plastiki

Kwa pwani tunazipendelea kuliko za bati, kwa sababu chumvi haizigusi. Udhaifu wake ni mwili unaotanuka sana kuliko chuma: kipande cha mita 4 hubadilika urefu karibu milimita 5 joto likipanda nyuzi 20. Ndiyo maana ndani ya kiungio kuna alama ya kuonyesha mwisho wa gata ufike wapi. Fundi anayezisukuma mpaka zigusane, au kuzigandisha kwa gundi pande zote mbili, anaacha gata zisizo na pa kutanukia. Zitapinda katikati au kuchomoka kwenye kona.

Mabano yawekwe kila sentimita 60 hadi 80. Ukiona fundi ameyatandaza kila mita moja na nusu, mzigo wa maji na majani utaivuta gata chini mwezi wa kwanza. Mteremko uwe angalau sentimita 1 kwa kila mita 3 kuelekea kwenye bomba la kushukia. Piga kamba kati ya bano la kwanza na la mwisho kabla ya kufunga ya katikati. Kabla ya hapo choma fishabodi, yaani ubao wa ukingo wa paa unaofungiwa mabano, kwa bisibisi. Ikiwa imeoza, gata haina pa kushika.

Wavu wa juu ya gata hutusaidia kwa majani ya mwembe na mkorosho tu. Vijani vya mwarobaini vinapita kwenye wavu wa kuku, na wavu mdogo zaidi unaziba na kumwaga maji nje. Mwenye mwarobaini karibu na paa akate matawi yaliyolielemea, kisha asafishe gata mara mbili: mwishoni mwa Februari na katikati ya Aprili, mvua zikiwa bado zinaendelea. Gata inayotuamisha maji kwa wiki moja inatosha kuzalisha mbu wa dengue, na Dar es Salaam imeuona ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

Anayekinga maji kwenye simtanki afanye hesabu hii. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 50 linatoa lita 4,000, na ukiondoa yanayorukia nje na kupotea, bado unaweza kupata zaidi ya lita 3,000 kwa siku moja. Lakini maji ya kwanza yana vumbi la kaskazi na kinyesi cha ndege. Mwaga nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 40 kwa paa hilo. Wengi huuza kipande cha bomba la inchi 4 kwa kazi ya kuyazuia maji hayo. Bomba hilo hubeba lita 8 tu kwa mita, hivyo ungehitaji mita 5 zilizosimama wima. Pipa dogo lenye bomba la kutolea maji chini linafanya kazi ileile kwa nafasi ndogo, mradi ulimwage kila baada ya mvua ili liwe tupu kwa inayofuata.